Marahaba Kutoka Juu

Juzi Katesh niliona vijana wakifunga gurudumu kubwa la viti vya bembea, na harufu ya grisi ikanirudisha utotoni, kwenye maonyesho ya wakulima, upande wa michezo. Babu alikaa kwenye kiti cha gurudumu kama hilo, kikapaa naye. Nilidhani mbingu imemchukua. Kila aliporudi chini nilimwamkia kwa sauti, kwa kuwa mzee akirudi huamkiwa.

"Shikamoo, babu!"

"Marahaba!"

Watu walicheka. Mzunguko wa mwisho alipita kimya, nami nikalia.

Aliposhuka alisema, "Nimemwona bibi yako kule kijijini Masakta, anaanika mahindi."

Bibi tulikuwa tumemzika kabla ya mavuno. Leo najua Masakta haionekani kutoka pale, lakini bado najuta kwamba sikupanda naye.

"Umemfikishia shikamoo yangu?" niliuliza.

"Amesema marahaba."