Goreth wa Ngoma Mbili

Watu wa Fairfield wakikusimulia habari za Goreth Akimana wanaanza na sketi. "Yule Mrundi anayevaa sketi ya Waskoti," watasema, halafu watacheka mpaka washike mbavu. Mimi kicheko hicho kimenichosha. Jina langu Wanjugu, Mkenya, nafanya kazi na Goreth katika nyumba moja ya kutunzia wazee huku Parramatta, Sydney, na nimekaa naye vya kutosha kujua kwamba sketi ndilo jambo dogo kuliko yote kwa yule mwanamke.

Tuanze na ngoma, basi. Siku moja bendi ya Waskoti ilikuja kuwatumbuiza wazee wetu, maana ilikuwa sikukuu ya mtakatifu wa nchi yao. Walikuja na zile zumari za mfuko zinazobanwa kwapani, zinazolia kama mbuzi aliyesahauliwa kambani. Mpiga ngoma kubwa wao alikuwa ameugua ghafla, na ngoma yake ikaachwa koridoni. Goreth akatumwa aisogeze kwa sababu ilizuia vitanda kupita. Akaisogeza. Kisha akaigonga kwa kidole. Kisha akaokota ile fimbo yenye kichwa cha manyoya, na kule ukumbini zumari zilizokuwa zinayumba zikasimama mguu sawa na kumfuata yeye.

Kiongozi wa bendi, bibi mfupi aitwaye Ishbel aliyekuwa dereva wa basi kabla ya kustaafu, alitoka mbio kuangalia nani anapiga. Hakumuuliza ametoka nchi gani. Alimuuliza kama Jumanne jioni ana nafasi.

"Wewe nani alikufundisha?" nilimuuliza Goreth tulipokuwa tukikunja mashuka.

"Hakuna, dada. Niliiba."

Aliiba kwa baba yake. Goreth alikulia kambini Kibondo, upande wa Tanzania, na baba yake, Mzee Adrien, ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa wapiga ngoma pale kambini. Wavulana walifundishwa. Wasichana walifagia uwanja kabla ya mazoezi, wakapisha. Kwao Warundi ngoma hizi kubwa hupigwa na wanaume tu, toka enzi za wafalme, na siku hizi hata serikali imeliandika kuwa sheria. Goreth alifagia polepole makusudi ili asikie zaidi, kisha akaenda nyuma ya vyoo kuyarudia yote juu ya kopo la mafuta ya msaada. Baba alipomkamata alilikanyaga kopo likawa bapa. Kesho yake Goreth akatafuta kopo jingine.

Kinachomchemsha damu zaidi ni majina. Kila sehemu ya ngoma ile ina jina la mama: ina tumbo, ina matiti, ina kitovu, ina hata taji la mzazi. "Ni mwanamke kutoka juu mpaka chini," huwa anasema, "halafu mimi mwanamke nisiiguse? Wao ndio wangetuomba ruhusa!" Nami nikimsikia hivyo naona ana haki tupu, wala sijasikia mwanaume aliyemjibu sawasawa. Wanakohoa, wanabadilisha mazungumzo.

Basi akawa Mskoti wa Jumamosi. Nimemfuata kwenye shughuli zake nyingi, nikimbebea koti. Mwezi wa kwanza, kwenye joto la kuyeyusha lami, anavaa sketi ya sufu na soksi za magotini, wanakwenda kwenye karamu ya kumkumbuka mshairi wao. Pale utumbo wa kondoo uliojazwa nyama na nafaka huletwa mezani kwa zumari, na mzee mmoja huusomea shairi kabla ya kuuchoma kisu. Nikauonja. Mutura mtupu, ila wamesahau chumvi na pilipili, na sisi kwetu hatujawahi kuusomea mutura shairi, tunaula tu. Mwezi wa nne wanaandamana alfajiri na askari wa zamani. Katikati ya hapo kuna harusi na mazishi, na yale mashindano ya uwanjani ambako wanaume wazima wanarusha magogo na kila mtu anadai ukoo wake ndio uliopigana sana na Waingereza.

Huko ndiko bwana mmoja, ndevu nyekundu mpaka kifuani, alimsimamisha Goreth akamuuliza yeye ni wa ukoo gani hasa. Alisema kwa tabasamu, lakini ni lile tabasamu tunalolijua.

Goreth hakubabaika. "Wa wapiga ngoma," akamjibu. "Na wewe unapiga nini?"

Bwana yule hakuwa anapiga chochote. Akaenda kununua bia.

Waskoti, basi, alishawamudu. Waliobaki ni watu wake mwenyewe.

Jumuiya ya Warundi hufanya sherehe ya uhuru mwanzoni mwa mwezi wa saba, wakati wa baridi, katika ukumbi wa kukodi. Mwenyekiti ni Niyongabo, mtu mwenye heshima zake, mchapakazi, tena ndiye anayeongoza wapiga ngoma. Kila mwaka Goreth alipewa kazi ya maharage na ndizi. Kila mwaka alisimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi, akisikiliza ngoma zinavyochapwa.

Mwaka huu mambo yalibadilika kwa sababu ya Mzee Adrien. Mzee anaishi na Goreth, na ngoma yake aliyoipitisha bahari nzima imekaa sebuleni kando ya televisheni, imefunikwa kitenge. Kiharusi kimemlegeza mikono, hawezi kupiga tena. Mwanawe wa kiume yuko Kanada, anauza nyumba, na ngoma haimhusu. Kwa hiyo mzee akaamua: siku ya sherehe ataikabidhi kwa wanaume wa jumuiya, itunzwe na Niyongabo. Ikishaingia kule, hakuna mkono wa mwanamke utakaoigusa tena.

Nilikuwepo jioni Goreth alipomwomba. Mzee ana adabu moja nzuri: mgeni akiwepo haongei Kirundi, anaongea Kiswahili cha kambini ili mgeni asikae kama gogo.

"Baba, niache niipige mara moja kabla haijaondoka."

"Mwanamke hapigi."

"Mimi napiga kila weekend, Baba. Umeona picha."

"Ile ni ya Wazungu. Ile ni pipa limevaa ngozi. Hii ni ngoma."

"Basi hii nitaipiga siku ya sherehe, mbele yako. Nakuambia mapema, usije ukasema niliiba."

Mzee aliongeza sauti ya televisheni. Mimi nilikunywa chai yangu haraka ikaniunguza ulimi, lakini moyoni nilifurahi, sitaki kudanganya.

Siku yenyewe ikafika, na bendi ya Ishbel ilikuwa na harusi asubuhi hiyo hiyo. Goreth alitoka huko moja kwa moja, bila kubadilisha nguo. Aliingia ukumbini na sketi ya mirabamiraba, soksi ndefu, kile kimfuko cha manyoya kikining'inia mbele, na juu ya hayo yote amejitanda imvutano, vazi la sherehe la wanawake wa kwao linalofungwa begani. Mama mmoja, Yvette, alijishika mdomo. Nami nikasema moyoni, leo mtacheka vizuri.

Ngoma zilikuwa zimepangwa nusu duara, ya Mzee Adrien katikati, ile inayoongoza na nyingine kuitika. Mzee amekaa mstari wa mbele na fimbo yake ya kutembelea. Hotuba zikaisha. Niyongabo akaenda kuchukua fimbo za kupigia, akakuta Goreth ameshazichukua.

"Dada Goreth," akamwambia, kwa upole, maana watu walikuwa wanaangalia, "jikoni wanakungoja."

"Wangoje, Mwenyekiti."

"Please, usituharibie program. Unajua utamaduni wetu."

"Najua kuliko wewe. Wewe ulijifunzia huku Sydney kwa video. Mimi nilifagia uwanja wake."

Niyongabo uso ulimjaa damu. Akawageukia wenzake, akainua mkono, na wanaume wote wakaweka fimbo zao chini, wakarudi nyuma, wakakunja mikono. Ngoma ya katikati ikiita na zisiitike nyingine, hiyo si ngoma tena, ni kelele, na kila mtu mle ndani alilijua hilo. Walimwachia uwanja ili aaibike mwenyewe.

Goreth akapiga. Aliita, pakawa kimya. Akaita tena. Mpiga ngoma kubwa wa Waskoti hufunzwa jambo moja: zumari zote zikipotea njia, yeye hasimami, maana akisimama ndio wamekwisha kabisa. Basi hakusimama. Aliacha nafasi ya kuitikiwa kila palipostahili, akaingoja kimya, kisha akaendelea kana kwamba ameitikiwa. Jasho lilimtoka ukumbi ukiwa baridi. Mimi nikapiga kigelegele, peke yangu, na sauti yangu si ya kusifiwa. Watu waligeuka kunitazama. Nikapiga kingine.

Mzee Adrien alisimama, akajikongoja hadi mlangoni, akatoka bila kuangalia nyuma. Niliona Goreth amemwona. Hapo niliumia, na nilidhani atatupa fimbo amkimbilie. Hakutupa. Alipiga mpaka mwisho wake, akafuta uso kwa imvutano, akaniita.

"Wanjugu, nishikie huku. Nitwike."

Wapiga ngoma wa Burundi huondoka uwanjani na ngoma kichwani, na ndivyo alivyotaka kuondoka. Ile ngoma ni gogo la mti. Lakini huyu ni mwanamke aliyebeba ndoo za maji kambini toka utoto, shingo yake inajua. Tukainyanyua pamoja, ikatulia kichwani.

"Hiyo ni ya jumuiya!" Niyongabo akasema.

"Baba hajatamka neno," Goreth akamjibu. "Mpaka atamke, ni ya nyumbani kwetu."

Akapita katikati ya ukumbi, sketi ikimchezea magotini, na watu wakampisha.

Mzee tulimkuta ameshakaa kwenye gari, kiti cha mbele, mkanda amefunga. Mimi nikapanda nyuma na ngoma. Tulikwenda mpaka tukaingia Wetherill Park, mtaa wa maghala, yote yamefungwa, barabara tupu.

"Umeniaibisha, Goreth," mzee akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Mbele ya watu wote."

"Ndiyo, Baba. Na nitarudia."

Tukasimama kwenye taa. Mzee alikuwa anatazama mbele, nami nikajua sasa linakuja neno ambalo halitafutika. Nilitamani kushuka.

"Nilikuwa nje, nasikiliza ukutani," akasema. "Mkono wa kulia ni wangu. Ni wangu kabisa, mpaka nikajitazama mikono. Lakini wa kushoto unachelewa. Wa kushoto ni wa Wazungu. Kwa nini unachelewa?"

Taa ikawa ya kijani, Goreth hakuondoa gari.

"Kwa sababu hukunifundisha," akasema.

Gari la nyuma lilipiga honi. Mzee akainua fimbo yake ya kutembelea, akaonyesha ua wa ghala moja uliokuwa wazi.

"Ingia pale."

Tuliishusha ngoma juu ya lami, kati ya mistari ya kuegeshea malori. Baridi ilikuwa inauma. Mzee akasimama mbele yake, akajiegemeza kwenye gari, akasema, "Piga." Goreth akapiga. "Hapana." Akapiga tena, na mzee akawa anagonga lami kwa fimbo yake pale mkono wa kushoto ulipotakiwa kuanguka, akimkaripia kama walivyokaripiwa wale wavulana, bila huruma. Goreth alikuwa analia machozi waziwazi na mikono haisimami.

Akaja mlinzi na gari lake, kijana wa Kisamoa, akashusha kioo akauliza kuna nini hapa. Mzee Adrien, ambaye Kiingereza chake ni cha kuokoteza, alimwinulia kiganja. Akamwambia anyamaze, binti yake anafundishwa. Mlinzi akazima injini.

"Baba," Goreth akasema, akihema, "na Niyongabo je? Anaisubiri ngoma."

"Aisubiri," mzee akasema. "Nitampaje ngoma ya mtu? Kushoto. Tena."