Pick-up ya Ndani ya Kabati

Inatangazwa rasmi kwa wakaaji wote wa Bukavu, wa Ibanda, wa Kadutu na wa Bagira, kwa waliolala vizuri na kwa wale ambao risasi ziliwanyima usingizi, kwamba katika mwaka wa pili wa vita ya pili (ile ya kwanza tuliimaliza bila kujua nani alishinda) mji wetu umepata kiwanda chake cha kwanza cha magari. Kiwanda kiko Ibanda, nyuma ya pazia la jikoni. Kina mfanyakazi mmoja, wembe mmoja, na mkurugenzi mmoja ambaye ni mke wa mfanyakazi. Kitatengeneza gari moja tu, kisha kitafungwa. Wananchi wanaombwa kupiga makofi wakiwa majumbani mwao, kwa sababu za usalama.

Mfanyakazi mwenyewe, Edouard Cirhuza, hakusikia makofi yoyote. Alikuwa ameinama juu ya meza, macho yanamwasha, vidole vimegandana kwa gundi. Zamani alikuwa na kazi Lwiro, kwenye kituo cha utafiti: aliwachoma vipepeo kwa sindano na kuwapanga ndani ya masanduku ya kioo. Mshahara ulipotea kabla ya vita, vita ikaipoteza barabara, na Edouard akabaki na kibano chake cha kushikia mabawa. Nyumba aliyokaa haikuwa yake. Ilikuwa ya Gentil, kaka mkubwa wa mke wake Madeleine.

Gentil alikwenda Kinshasa kwa shughuli za wiki moja, nchi ikakatwa vipande viwili nyuma yake. Aliacha maneno machache: "Shemeji, kaeni ndani ya nyumba, mnitunzie gari." Gari lilikuwa pick-up nyeupe yenye mstari wa bluu ubavuni. Edouard aliitunza kama yai. Kisha siku moja, pale Miti, akirudi na magunia ya maharagwe, alisimamishwa na vijana wenye bunduki. Wakachukua pick-up, wakachukua maharagwe, wakachukua viatu. Funguo walimrudishia, kwa heshima, maana wao waliwasha magari bila funguo.

Aliingia mjini peku peku. Alipoulizwa gari liko wapi, mdomo wake ukajibu kabla ya yeye mwenyewe kufika: "Nimeificha."

Na watu wakamwamini, kwa sababu wakati ule kila mwenye gari Bukavu alikuwa ameficha gari. Mmoja alizika magurudumu kwenye migomba, betri iko chini ya kitanda cha padri, injini kwa mama mkwe. Wengine walijenga ukuta mbele ya garaji wakapanda maua. Kumuuliza mtu amefichia wapi kulikuwa kukosa adabu, kama kumuuliza anachoungama kwa padri. Basi uongo wa Edouard ulikaa vizuri, ukanenepa.

Mtu mmoja tu hakuheshimu adabu hiyo: Xavier, mdogo wake Gentil, mkaaji wa Miti. Xavier hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na watoto wengi, nyumba ndogo, na pua ya mbwa wa polisi. Alipata njia ya kumfikishia kaka yake neno, na jibu likarudi kutoka Kinshasa kwa mdomo wa msafiri: Edouard atume picha ya gari, ya mwaka huu. Kama hakuna picha, hakuna gari. Kama hakuna gari, Edouard na Madeleine watoke, Xavier aingie.

"Tutaenda wapi?" Edouard aliuliza.

"Weye njo ulisema umeificha," Madeleine akamjibu. "Sasa ifichue."

Ni Madeleine aliyeleta sanduku. Alilitoa Kadutu sokoni kwa maman Bintu, anayeuza vitu ambavyo Ulaya imevichoka: viatu vya barafu, mapazia, michezo ya watoto waliokwisha kuoa. Juu ya sanduku ilichorwa pick-up, aina ile ile, mdomo ule ule mpana. Ndani, vipande vya plastiki, vya kubandika mtu mwenyewe.

"Papa Gloire," akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao, "angalia. Iko sawasawa na ya kaka."

"Hii ni ya mezani, Madeleine."

"Na Kinshasa iko mbali. Kaka hatapanda ndani. Ataangalia tu."

Edouard aligeuzageuza sanduku. Alijua anapaswa kukasirika, lakini kukasirika kulihitaji nguvu ambazo hakuwa nazo tangu siku ile ya Miti. Akaenda kutafuta kibano.

Sanduku lilikuwa na kasoro tangu kiwandani, bila shaka, ndiyo maana lilifika kwetu. Milango ilikuwa miwili, yote ya kushoto. Paa lilikuwa limepinda kama kipande cha mkate kilichokauka. Magurudumu matatu. Kioo cha mbele hakuna. Gundi iligeuka jiwe ndani ya tyubu. Na karatasi ya maelekezo ilikuwa ya meli ya kivita. Edouard, mtu wa nidhamu, aliisoma mpaka mwisho, akapoteza jioni mbili akitafuta mahali pa kuweka mzinga.

Basi akaanza kufanya kama sisi wote tulivyofanya miaka ile: kutengeneza kitu kwa kisichokuwepo. Aliomba kwa jirani Larissa, msusi, dawa yake ya kufutia rangi ya kucha, akayeyushia ndani vijiti vya plastiki vilivyobaki, akapata uji mweupe unaonuka na kushika. Paa aliliogesha maji ya moto, akaligandamiza chini ya sufuria ya maharagwe, likanyooka, likapinda upande wa pili, akarudia. Kioo cha mbele alikikata kwenye kifuniko cha kaseti. Mlango wa pili wa kushoto aliugeuza chini juu akaubandika kulia, kishikio chake kikaangalia ardhi. Gurudumu la nne likawa kizibo cha bia kilichopakwa masizi.

Lakini kilichomtesa ni lile bonde, lile bati lililobonyea. Pick-up ya Gentil ilikuwa na bonde juu ya gurudumu la mbele, upande wa kushoto: siku ya mazishi ya mama yao iligonga ng'ombe karibu na Kavumu. Gentil alikataza lisinyooshwe. Alilijua bonde lile kama anavyojua meno yake. Bila bonde, picha ni bure.

Edouard alipasha kijiko moto, akagusa plastiki. Bonde likazama mno.

"Hii si ng'ombe," Madeleine alisema. "Hii ni treni."

Akaziba kwa uji wa plastiki, akangoja ukauke, akakwangua kwa wembe, akapasha kijiko tena. Madeleine akainua pick-up karibu na dirisha, akafumba jicho moja.

"Kidogo chini. Ya kweli ilikuwa na huzuni zaidi."

"Bonde haiwezi kuwa na huzuni, maman."

"Ulikuwa kwenye mazishi ao hapana?"

Akaziba tena. Usingizi ulikuwa unamjia amekaa wima, kichwa kinadondoka, pua inakaribia gundi. Alipofika kwenye namba za gari, aliziandika kwa unywele mmoja wa brashi, akishika pumzi, na alipomaliza hakusikia furaha. Alisikia mgongo tu.

Picha ilipigwa na Aganze, mwenye studio hapo chini karibu na posta, mtu aliyekula kwa picha za vibali vya kuvuka mpaka lakini akajiita msanii. Waliiweka pick-up juu ya ukuta mfupi wa bustani, ubavu wa kushoto mbele, udongo umechekechwa kwa kichujio cha chai ili usionekane mawe, ziwa nyuma, vilima vya ng'ambo nyuma ya ziwa. Aganze akalala kifudifudi kwenye majani, akasahau shati lake jeupe.

"Usipumue, Edouard! Sawa... sawa... Toka, toka! Fukuza ile kuku! Iko inaonekana kama kanisa kuu!"

Kuku alifukuzwa. Picha ilitoka nzuri mno, na hapo ndipo balaa lilipoingia. Moja ilisafiri ndani ya mkoba wa mtawa, Soeur Colombe, aliyekwenda Kinshasa kwa kupitia Kigali na Nairobi, kama mtu anayetoka jikoni kwenda sebuleni kwa kuzunguka nyumba ya jirani. Gentil akajibu kwamba amelia alipoona bonde, na Xavier anyamaze. Edouard alilala siku hiyo mchana, na viatu miguuni.

Lakini Bukavu hakuna mpiga picha anayeficha kazi yake nzuri. Dirisha la studio ndilo jina lake: pale anaweka bibi harusi aliyependeza kuliko wote, mtoto wa komunyo, padri mpya. Aganze aliapa hataonyesha mtu picha ile. Alivumilia alivyoweza. Kisha akaikuza, akaitia fremu, akaiweka katikati ya dirisha, kati ya bibi harusi na padri.

Wanajeshi nao hupita barabarani, nao wana macho. Mji mzima magari yamefichwa, wao wanayatafuta chini ya maua, na hapa kuna pick-up nyeupe inang'aa nyuma ya kioo, na ukuta wa nyumba unaonekana.

Walikuja asubuhi na lori na kamba nene ya kuvutia gari. Walimleta Aganze mbele yao, hana rangi. Kelele ya kwanza tu, avenue nzima ikafunga madirisha na kuingia chini ya vitanda, kwa mazoea. Komanda alikuwa kijana mwenye miwani ya jua, naye amechoka. Vita ilikuwa imemchosha kama ofisi inavyomchosha karani.

"Muzee, iko wapi pick-up?"

Edouard alimwangalia Madeleine. Madeleine aliangalia sakafu.

"Iko ndani, komanda."

"Ndani ya garaji?"

"Ndani ya kabati. Pamoja na sahani."

Askari wawili waliinua bunduki, wakadhani ni dharau. Edouard akafungua kabati taratibu, akatoa pick-up, akaiweka juu ya meza. Hakuna aliyecheka. Komanda alivua miwani. Akaigeuza upande wa kulia.

"Ju ya nini mulango iko chini juu?"

"Sanduku ilitoka na milango mbili ya kushoto."

"Na hii mupira?"

"Kizibo ya bia."

Komanda aliketi. Akakuna shingo. "Nimekuja na lori," alisema, kama anayejisemea. "Nimekuja na basoda sita na kamba. Nilisema kwa bakubwa, leo naleta pick-up. Sasa narudi na nini?"

"Pole, komanda," akasema Edouard, na kusema kweli alimwonea huruma.

"Raporo nitaandika itasema: pick-up moja, nyeupe, imekamatwa Ibanda." Akasimama, akavaa miwani. "Bakubwa habaulizake ukubwa. Ilete kwa lori, muzee. Beba polepole, usivunje kioo."

Edouard akaibeba, maana askari walikuwa wameshika bunduki. Aliiweka juu ya gunia tupu, bonde juu. Nje ya geti komanda akapiga kelele kwa ajili ya heshima yake: "Tumekamata pick-up! Twende!" Lori likanguruma, likaondoka.

Vitanda vya avenue nzima vikatoa watu wake, na kila aliyekuwa hajaona kitu alikuwa ameona yote. Jirani Anne-Marie alisikia pick-up ikipita dirishani kwake, ile kikohozi yake, nani asiyeijua? Mwingine alisikia risasi. Mwingine alimwona Edouard akiburutwa. Xavier alifika mchana kutoka Miti, akasikiliza kila mmoja, akavua kofia, akampa Edouard mkono.

Ni Xavier mwenyewe aliyempata Gentil kwenye simu mpya ya Anne-Marie, ile iliyoshika mtandao wa ng'ambo kama ukisimama juu ya ukuta. Xavier akasimama juu ya ukuta, akasimulia vizuri, akaongeza risasi. Kisha akampandisha Edouard ukutani, akampa simu. Watu wote wakasogea. Madeleine alisimama nyuma, mikono ndani ya kitenge.

"Shemeji!" Gentil alikuwa analia, sauti inafika mpaka mitaani. "Umeilinda muda wote huu! Nilikukosea, shemeji, nilisikiliza maneno ya watu. Nyumba ni yenu, mutakaa mpaka vita iishe, hakuna atakayewasumbua. Xavier anasema ulipigana nao. Anasema uliishika pick-up kwa mikono, hukuiacha mpaka kwenye barabara. Ni kweli? Ulipigana na basoda juu ya gari yangu?"

Edouard alihamishia simu sikio la pili. Alitafuta ndani mwake uongo mmoja zaidi, hata mdogo, akakuta umekwisha kama mafuta ya taa.

"Hapana, shemeji," akasema. "Haikuwa nzito. Niliwabebea mwenyewe."