Jua la Ukutani kwa Wakwe

Vijana mtakaosoma haya, chekeni, lakini nisikilizeni. Juzi tulitoka Ibra kwenda Sur, mji wa pwani huku Omani, sisi wanawake, kumposea mjukuu wangu Salim. Ukumbini kwao binti nikaona picha ya rangi za mafuta: bahari ya kijivu, jua jekundu limegusa maji, mwangaza wake umetandaa mpaka mchangani.

Mimi mzaliwa wa Unguja mjini. Kwetu jua likigusa bahari ni magharibi, siku imekwisha. Moyo ukanijaa huzuni, nikaropoka: “Nani kachora msiba huu? Nyumba ya posa haitundikwi jua linalokufa!”

Binti yangu Zuwena akanifinya.

Msichana tuliyekuja kumposa akaweka chini birika la kahawa. “Nimechora mimi, Bibi. Hapa Sur jua hutoka baharini. Yale ni macheo.”

Mamake akaanza kukusanya vikombe, nasi hatujanywa. Mwangaza haukuwa na kosa, wallahi; huzuni nilikuja nayo mwenyewe.

Nje nikawaamuru wangu: “Hakuna kurudi Ibra. Tunalala hapa hapa. Alfajiri nipelekeni ufukweni nikalione jua hilo, kisha tukapose upya, kwa adabu.”