Rehani Iliyogeuka Mauzo

Juwairiya Bakhit alikuwa akiuza samaki wa kukaushwa kule Masese, Jinja, na akiishi katika nyumba ya vyumba viwili aliyoachiwa na baba yake, askari mstaafu. Kusoma hakujua, ila Kiswahili alikijua barabara, maana alikulia kambini. Riba aliiogopa kama moto. Rehani aliielewa tangu utotoni: baba yake aliwahi kuweka redio kwa mwenye duka, akalipa deni, akarudishiwa redio yake.

Binti yake, Fatumah, alikuwa ameolewa Namatala, Mbale. Siku ya kujifungua mambo yakawa magumu, upasuaji ukahitaji shilingi milioni mbili. Juwairiya alikwenda mbio kwa Isabirye, mkopeshaji wa mjini.

“Riba siwezi, bwana,” alimwambia.

“Nani ametaja riba, mama? Utaleta mbili na nusu. Hiyo nusu ni shukrani tu. Kiwanja chako na nyumba yake kinakaa kwangu rehani, miezi mitatu.”

Aliposikia rehani, moyo ukatulia. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Akatia kidole gumba, fedha zikatumwa Mbale kwa simu, mjukuu akazaliwa salama.

Kabla miezi mitatu haijatimia alirudi na fedha zote, zimefungwa kwenye kitenge. Isabirye hakuzigusa.

“Za nini, mama? Kiwanja si uliniuzia?”

“Nilikuuzia? Nilikuwekea rehani!”

“Karatasi inasema mauzo.”

Juwairiya aliipeleka nakala yake kwa mwenyekiti wa mtaa, Mzee Wahab. Mzee akaisoma mara mbili, akavua miwani.

“Mama Fatumah, humu rehani haimo. Mna muuzaji na mnunuzi. Muuzaji ni wewe.”

Kituo cha polisi nako Juwairiya akamwambia askari, “Afande, alitamka rehani, nilimsikia kwa masikio yangu.”

“Nakuamini, mama. Lakini kidole ni chako.”

Akaenda mahakamani; wakili alichukua milioni ya kwanza katika fedha zile za kitenge, kesi ikaahirishwa mara tatu. Kabla ya mara ya nne, Isabirye alikwisha kukiuza kiwanja kwa mtu mwingine, na huyo mnunuzi akaja na mafundi kubomoa nyumba. Juwairiya alisimama barabarani na magunia yake mawili, akiwatazama wakiezua bati moja moja.

Sasa anaishi Namatala, chumba kimoja na Fatumah, mkwewe na mtoto. Mchana huchambua mchele kwa ujira wa kutwa.

“Ni mimi niliyekumaliza, mama,” Fatumah humwambia, akilia.

“Usiseme hivyo,” hujibu Juwairiya, kisha humpakata mjukuu.