Ufunguo Kiunoni mwa Mzee Kondo

Ungefika Yombo miaka ile ya hamsini, enzi za Mwingereza, ukamuulizia Gregori, wangekujibu, "Gregori dresa?" na kabla hujaitikia wangeshakuonyesha njia. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko kimo chake. Kazi yake ilikuwa kusafisha vidonda, kuchoma sindano, na kuwafokea wagonjwa waliokuja wiki nzima baada ya siku waliyoambiwa. Maneno alikuwa nayo, tena ya kumwaga. Lakini lipo jambo moja alilolinyamazia miaka miwili, na hilo ndilo ninalotaka kulisimulia.

Hospitali aliyofanyia kazi haikuwa ya serikali wala ya misheni. Wenyeji waliijenga wenyewe kwa kuchangishana miti, mawe na nguvu: wodi mbili, kisima, na chumba cha wazazi upande wa nyuma. Ardhi aliitoa Mzee Kondo, Mzaramo mwenye minazi, na mawe ya msingi aliyabeba kwa mgongo wake mwenyewe. Wakamfanya mwenyekiti wa kamati. Angekuwa nani mwingine? Mwaka wa kwanza mashuka mapya yaliibwa chumba cha wazazi. Mzee akaenda Kariakoo, akarudi na kitasa kizito cha chuma chenye ufunguo mmoja tu, akautia ufunguo kamba, akaufunga kiunoni. Mashuka hayakuibwa tena. Haki yake tumpe.

Ila, jamani, uchungu wa kuzaa hauna miadi. Filomena, mke wa Gregori, binti wa Songea, alishikwa siku ambayo Mzee Kondo alikuwa Kunduchi harusini. Vifaa vyote vya kuzalishia vilikuwa nyuma ya kitasa kile. Gregori alimtuma mtu kwa baiskeli, kisha akachukua shoka, akasimama mbele ya mlango. Watu wakamshika mkono: "Mlango wa Mzee Kondo uvunje wewe, mtu wa kuja?" Akasita. Filomena alijifungulia barazani juu ya jamvi, na mtoto, wa kiume, hakulia. Mzee alirudi kesho yake, akatoa pole kama wanavyotoa wote, akaenda zake. Gregori hakumwambia neno. Kilichomuuma zaidi ya ufunguo ni lile shoka, kwamba alikuwa nalo mkononi akaliweka chini.

Basi bwana, miaka miwili ikapita, ikaja barua kutoka ofisi ya wilaya. Marijani, katibu wa kamati, aliisoma barazani mbele ya wajumbe wote, na Gregori alikuwa pembeni akikunja bendeji. Serikali iko tayari kuisaidia hospitali: italeta dawa kila mwezi, na mkunga aliyesomea, mshahara juu yake. Wajumbe wakachekelea. Marijani akakohoa, akaendelea. Daktari wa serikali alipokuja kukagua alikuta chumba cha wazazi kimefungwa, na mwenye ufunguo yuko shamba. Kwa hiyo ufunguo ukae wodini, mikononi mwa walio zamu, na kamati iandike hivyo na kutia sahihi kabla mwezi haujaisha. La sivyo mkunga atapelekwa kwingine.

Kila mjumbe akaanza kuchunguza ukili wa mkeka kama anataka kuununua. Mzee Kondo alipapasa kiuno chake, akasema, "Tutalifikiria," na kikao kikaishia hapo. Wanaume tisa, ndevu zao nyeupe, na hakuna hata mmoja aliyethubutu! Baadaye Marijani alimfuata Gregori kisimani. "Mwambie wewe, dresa. Wewe ndiye wa kazi ile." Gregori akamjibu, "Mie mwajiriwa wake. Nyie ndio kamati."

Jioni alimsimulia Filomena. Filomena alikuwa akipepeta mchele, akaendelea kupepeta mpaka Gregori akadhani hakusikia. Kisha akasema, "Wewe si Mnyamwezi? Na yeye si Mzaramo? Mtani wako yule. Unangoja nini?"

Siku kumi hivi kabla ya mwezi kwisha, akafariki shangazi yake Mzee Kondo, bibi aliyekula chumvi nyingi. Sasa msibani, mtani ana ruhusa ambayo hata mtoto wa marehemu hana. Atanyakua kofia ya mfiwa, atakaa juu ya kinu akatae kutoka, na mwenye mali haruhusiwi kununa. Akinuna, kajiaibisha yeye. Kazi yake ni kukomboa chake kwa kile anachotaka mtani, basi.

Siku ya tatu ya matanga Gregori aliingia na pakacha kichwani, amejifunga kanga ya Filomena, analia kwa sauti ya kike: "Shangazi, umeniachia nani? Umeniachia Mzaramo huyu bahili!" Watu hoi kwa kicheko, na wafiwa walikuwa wa kwanza. Akajitupa miguuni pa Mzee Kondo, akamkumbatia kiuno, na aliposimama kamba ilikuwa mkononi mwake na ufunguo unaning'inia.

"Lete hapa, mpagazi we," akasema Mzee Kondo, bado anacheka.

"Ukomboe."

"Chukua jogoo."

"Jogoo wako mgonjwa, atanifia njiani."

"Beberu, basi."

"Sitaki beberu." Hapo sauti ya kike ikamtoka Gregori, ikabaki yake. "Nataka ufunguo huu ulale wodini, kwenye msumari, usiku na mchana. Na ile karatasi ya serikali uitie sahihi. Ndiyo komboleo langu. Vinginevyo naondoka nao Tabora, ukazalishie wanawake kwenye minazi."

Kicheko kikakatika. Mzee Kondo aliwatazama watu, nao wakamtazama, na mishipa ya shingo yake ikamsimama. Gregori aliikaza ile kamba kiganjani, wallahi aliogopa. Kununa mzee hawezi, kukataa hawezi, na nusu ya Temeke iko pale inashuhudia. Mwisho akatema mate pembeni, akasema, "Wanyamwezi wezi nyie. Haya, Marijani, ilete hiyo karatasi."

Mkunga alikuja mwezi uliofuata, Kokuberwa, Mhaya mrefu asiye na mzaha. Akapigilia msumari mwenyewe. Mzee Kondo alibaki mwenyekiti, akaendelea kukagua mashuka kila Ijumaa, ila mkono wake ulikuwa ukienda kiunoni wenyewe, unapapasa, haukuti kitu. Na Gregori hakumsalimia kwa utani tena, kwa muda mrefu. Shikamoo, marahaba, basi.

Masika ya mwaka ule mzee alikwenda Kimbiji kutazama shamba la nduguye, njia ikakatika kwa mvua. Akiwa huko, binti yake Hamisa akashikwa na uchungu kabla ya siku zake. Walimfikisha hospitali analowa damu. Kokuberwa akanyoosha mkono kwenye msumari, akafungua, na Gregori akashika taa. Mtoto alitoka amejisokota kitovu shingoni. Dakika zilikuwa za kuhesabu, lakini alilia, na Hamisa akapona.

Mzee alifika siku ya tatu, matope mpaka magotini. Walishampa habari njiani. Hakuingia kwanza kwa bintiye. Alisimama mbele ya ule mlango uliokuwa wazi, akautazama ufunguo kwenye msumari, mkono wake ukaenda kiunoni ukabaki pale. Kisha akaja kukaa kwenye benchi alipokuwa Gregori akikunja bendeji. Shikamoo hakuitikia. Alifuta uso kwa ncha ya kanzu yake.

"Mtani," akasema. "Siku ile ya mkeo. Mie nilikuwa Kunduchi, sio?"

"Ulikuwa Kunduchi."

"Alikuwa wa kiume?"

"Wa kiume."

Mzee Kondo akachukua bendeji moja kwenye kikapu, akaanza kuikunja, vibaya, kwa vidole visivyojua kazi ile. Gregori hakumrekebisha.