Siku Fundi Sikio Alipokubali Kutoa Masega

Mume wangu hajawahi kuwa mtu wa maneno mengi, ila masikio yake yalitulisha. Gari likiingia gereji, kabla dereva hajashuka yeye alishajua: beringi ya gurudumu la nyuma, au mkanda umelegea, au plagi moja haichomi. Ndiyo maana wakamwita Sikio. Mimi nashona viti vya magari kwenye kona ya gereji hiyohiyo, cherehani yangu imeelekea mlangoni, na kwa miaka ishirini na mbili nimemwona akibishana na mashine za kupimia magari na kuzishinda.

Lilianza sikio la kulia. Nilikuwa nikimsemesha kitandani ananyamaza, nikasusa siku tatu nikidhani ameninunia. Kumbe maskini alikuwa amelalia sikio zima. Tulicheka sana. Mwaka huu la kushoto nalo likaanza kufuata, na hatukucheka tena. Daktari alimvisha vidude kichwani, akambonyezea vikengele, mwisho akaniambia mimi, si yeye: mshipa unakufa, haurudi, na kifaa hakitasaidia kitu. Njiani nikamwandikia maneno hayo nyuma ya kadi ya hospitali. Akasoma, akaikunja mara nne.

"Huyo anapima kwa vikengele," akasema, kwa sauti kubwa kuliko alivyojua. "Mimi ni mtu wa injini. Injini nazisikia."

Hakuzisikia. Tukabuni hila yetu: anaweka kiganja juu ya boneti, anafumba macho kama kawaida yake, kisha ananitazama. Mimi mshonaji nimejifunza injini uzeeni. Nikigusa bega, ubovu uko mbele. Nikigusa goti, uko chini. Watu wakaendelea kusema Sikio ni yuleyule. Na ile methali ya sikio la kufa na dawa, ambayo zamani niliwatupia watoto kila walipokaidi, nimeipiga marufuku nyumbani kwangu.

Basi Jumanne asubuhi akaja daktari wa meno na gari lake la spoti, la njano, milango miwili, tumbo karibu liguse lami. Alitaka litolewe masega. Kwa asiyejua, hilo ni kopo la chuma kwenye bomba la moshi, ndani lina vitundu vitundu kama sega la nyuki. Linasafisha moshi na kupunguza kelele. Ukilitoa, gari linanguruma mtaa mzima na moshi unatoka mchafu. Mume wangu ameikataa kazi hiyo tangu nimjue. "Katafute fundi mwenye watoto wa chuma," huwaambia. "Wangu wana mapafu."

Nilingoja amwambie hivyo. Lakini yule mganga wa meno, ambaye hakujua lolote, alisimama mbele yake akasema taratibu, midomo ikionekana vizuri: "Mzee, nataka nikipita, hata kiziwi ajue nimepita."

"Lete ufunguo," mume wangu akasema.

Nikaacha cherehani ikiwa na uzi sindanoni. Nikamvuta mkono hadi nyuma ya kabati la vyuma.

"Baba watoto, una nini leo?"

Alinitazama midomo, kisha macho. "Hili nitalisikia," akasema. "Mama watoto, hili lazima nilisikie. Nikilisikia, yule mtu wa vikengele ni mwongo. Niache nilisikie."

Sijawahi kumwona mume wangu akiomba. Nilimwuliza, "Na usipolisikia?" lakini alikuwa ameshageuka, na akishageuka, huwezi kumwambia kitu.

Akalipandisha juu ya jeki, akaweka stendi, akajilaza chini juu ya kadibodi. Nati zilikuwa zimeshika kutu. Akazimwagia mafuta, akangoja, akazichoma kwa gesi mpaka zikawa nyekundu. Mbili zilikubali. Ya tatu ilikatika, akaisaga na mashine cheche zikimrukia kifuani. Huko chini alikuwa anaimba, na tuni ilikwenda inakotaka kwa kuwa mwimbaji hakuwa na habari nayo. Fundi umeme wa gereji yetu akacheka. Nilitamani kumpiga na mkasi.

Masega yakatoka. Akayaweka karibu na mguu wangu, bado yana joto, akachomelea bomba tupu mahali pake. Mimi nilishona mshono uleule mara mbili nikiomba: Mungu wangu, kelele moja tu. Sikuombi mazungumzo yetu ya kitandani. Kelele moja.

Akalishusha gari, akaenda kwenye ndoo kule mwisho kunawa, mgongo ameutupa kwetu. Daktari wa meno hakuweza kusubiri. Akaingia, akawasha, akakanyaga mafuta.

Makopo ya nati yalitetemeka rafuni. Fundi umeme aliangusha koleo. Wateja wawili waliokuwa wamekaa kwenye benchi waliruka, na mimi nikaziba masikio kwa viganja vyote viwili. Kule kwenye ndoo, mume wangu alikuwa anasugua kidole kimoja baada ya kingine kwa sabuni. Akamaliza. Akajifuta kwa kitambaa, taratibu, mpaka kwenye viwiko.

Akageuka, amenawa uso, anatabasamu kama siku aliyokuja kwetu kuniposa. Akamwinulia mkono yule aliyekaa kwenye usukani, akasema neno. Kwa ngurumo ile nisingeweza kumsikia, lakini siku hizi hata mimi najua kusoma midomo.

"Haya, bosi," alisema. "Washa."

Nikashusha mikono yangu haraka kutoka masikioni, lakini alikuwa ameshaniona.