Kipepeo Kiko Wapi

Ukiwaambia watu wa Tanga kwamba mama yako aliuawa na joto akiwa Kanada, wanakuona umerukwa na akili. Kwao Kanada ni friji yenye watu ndani. Nimeacha kuwaeleza. Nasema alikuwa na ugonjwa wa moyo, jambo ambalo ni kweli, halafu tunaingia habari nyingine.

Tulikaa Rexdale, ghorofa ya kumi na nne, jengo linalotazama barabara ya Kipling. Madirisha yalikuwa na cheni fupi ili watoto wasianguke, kwa hiyo yalifunguka upana wa vidole vinne tu. Wakati wa baridi wala hulikumbuki jambo hilo. Ukifika mwezi wa saba unalikumbuka kila ukivuta pumzi.

Mama alikuja kunisaidia kumlea binti yangu, miaka ya mwanzo mwanzo ya elfu mbili. Nusu ya begi lake ilikuwa miyaa, yale majani ya mkindu yaliyochanwa na kukaushwa, mengine kayatia rangi ya zambarau na kijani. Nikamwuliza kama kaja kuwauzia Wazungu mikeka. Baada ya wiki mbili alikuwa amesuka kipepeo, kile cha kujipepea, na mpini wake kauchonga kutoka mwiko wangu mzuri wa mbao. Niligomba kwa ajili ya mwiko. Sasa nikikumbuka yale makelele natamani kujizaba kofi.

Mimi nilikuwa nimenunua feni ya umeme, na nilijivuna nayo kama niliyeiunda. Mama aliiita pangaboi, jina ambalo wazee wa kwetu huipa feni yoyote.

"Pangaboi lina upepo, mwanangu," alisema, "ila halina mkono."

Kwake, kupepewa ni mtu kukaa karibu nawe na kuchoka kwa ajili yako. Binti yangu alipolala mchana, feni ikizunguka pembeni, mama bado alimpepea.

Ng'ambo ya korido aliishi bibi mmoja wa Kihindi, mtu wa Gujarat, naye alikuja kulea wajukuu. Siku ya kwanza aliyokiona kipepeo cha mama, aliingia ndani kwake akatoka na cha kwake: cha kitambaa kilichoshonwa vioo vidogo, marinda kuzunguka ukingo, na mpini wa pembeni uliokifanya kizunguke chenyewe ukikitikisa kidogo. Akakiita panko au panka, sikusikia sawasawa. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe pangaboi mlituletea nyie!" Yule bibi hakuelewa hata neno moja, naye akacheka. Tangu hapo kila alasiri walikaa kwenye viti mlangoni, huyu akimpepea yule, yule akimpepea huyu. Sikuwahi kumwona hata mmoja akijipepea mwenyewe.

Sasa nakuja kwenye kosa langu, na sitalipunguza.

Jumapili moja nilikuwa na wageni, kina mama wenzangu wa Kitanzania. Mmoja akakiokota kipepeo juu ya kochi, akakigeuza, akauliza kama siku hizi tunapikia jiko la mkaa ghorofani. Wote wakaangua kicheko, na mimi nikiwemo. Walipoondoka nilikichukua nikakiweka juu kabisa ya kabati la chumbani kwangu, nyuma ya masanduku. Mama alipouliza nilimwambia nimekihifadhi kisichakae. Hakuuliza tena. Mama yangu alikuwa mtu wa kuuliza mara moja.

Mwaka uliofuata, katikati ya joto kali, mitambo ya umeme ya jengo letu iliungua. Lifti zikasimama, feni ikasimama, na tukaambiwa matengenezo yatachukua siku mbili. Asubuhi ya siku ya pili mama alikuwa na pumzi fupi. Nilimwona. Lakini nilikuwa kibarua kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, na kibarua akikosa siku moja haitwi tena. Mama mwenyewe akasema, "Nenda, mwanangu, joto nimezaliwa nalo." Nikayaamini maneno hayo kwa sababu yalinifaa. Binti yangu alikuwa na miaka saba. Nikamwambia, "Mwangalie bibi. Akitaka kitu chochote, umpe."

Niliporudi nilipanda ngazi za ghorofa zote kumi na nne. Mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa amelala sakafuni kwenye mkeka wake, na bibi wa Kihindi amekaa kando yake, kile cha vioo kikizunguka mkononi. Mama alikuwa ameshakata roho. Nadhani yule bibi alilijua hilo kabla yangu, lakini hakuacha. Aliendelea kumpepea mpaka watu wa ambulansi walipomshika mkono taratibu.

Dirishani palikuwa na chupa ya siagi ya karanga, imetobolewa kifuniko. Ndani yake mlikuwa na kipepeo mweupe, hai, akipiga mabawa kwenye kioo.

Binti yangu alinieleza kwa Kiingereza chake, akilia. Bibi yake alisema neno ambalo yeye mtoto alilijua, neno nililomfundisha mimi kwenye kitabu chake cha picha. Hata aliniigia, kwa sauti ileile ya mama: "Kipepeo kiko wapi?" Na bibi alikuwa akipunga mkono hivi, mbele ya uso, kama bawa. Kwa hiyo akashuka mbio ngazi zote hadi kwenye majani nyuma ya jengo. Alichukua muda mrefu kumkamata. Aliporudi bibi hakuitika, ndipo akaenda kugonga ng'ambo.

Kiko wapi. Mdudu angekuwa yuko wapi. Mtoto aliyekulia kwetu hasikii "kiko" akatafuta mdudu. Lakini wangu alikulia Rexdale, na Kiswahili nilimpa vipande vipande, nikipata nafasi. Hata gazeti lingetosha, hata kifuniko cha boksi. Angempepea bibi yake mpaka mkono ukatike, kama angejua ndicho anachoombwa.

Matangani alimsimulia kila mtu kuhusu "butterfly". Kina mama wakajifuta machozi, wakasema mashaallah, marehemu ameonyeshwa Peponi. Walinishika mabega. Mimi niliyejua nikanyamaza, nikajiambia namlinda mtoto.

Kile cha mkindu nilikishusha baada ya arobaini. Miaka mingi baadaye binti yangu alikikuta kwenye droo, akauliza kinaitwaje. Nikamjibu, "Pangaboi." Neno lililokuwa karibu. Alilirudia mara mbili ili alikariri, nami nikamwacha aondoke nalo.

Uongo huo ulidumu mpaka harusi moja huko Scarborough, upande wa pili wa jiji. Binti yangu alikuwa na miaka ishirini, anasomea unesi. Ukumbi ulikuwa wa moto, na bibi mmoja aliyekuja matembezi kutoka Tanzania alikuwa amekaa meza yetu, jasho linamtiririka. Akamgusa mkono.

"Mjukuu wangu, hebu nipe kile kipepeo."

Alikuwa akionyesha kiti cha pembeni. Juu yake palikuwa na kipepeo cha ukili wa mkindu, rangi ya zambarau na kijani kama kile cha mama. Binti yangu alikitazama, akanitazama mimi. Kisha alikichukua, lakini hakumpa. Alivuta kiti akaanza kumpepea yule bibi, na hakula wala hakunyanyuka mpaka harusi ikaisha.

Ndani ya gari hakufunga mkanda. Alisema kwa Kiswahili, chake kile cha kuchechemea, ambacho hakizungumzi nami.

"Bibi alitaka upepo."

"Ndiyo."

"Nilikimbia sana, mama. Kwenye ngazi. Sikupumzika."

Hapo ndipo nilipopaswa kumwambia. Kwamba kilikuwa juu ya kabati langu. Kwamba asingekipata hata angejua jina lake. Kwamba nilikificha mimi, kwa aibu ya kicheko cha Jumapili moja. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na mjukuu mwenyewe alikuwa amekaa pale kando yangu, akisubiri niseme neno.

"Najua ulikimbia," nikasema, nikawasha gari.